Taa Nyekundu na Somo la Merca



Kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku anaijua taa nyekundu. Jicho lililokwisha kuzoea giza huduwaa likipigwa na mwanga mweupe wa ghafla, na huhitaji karibu nusu saa kuurudia uwezo wake wote. Mwanga mwekundu hafifu haulidhuru hivyo. Ndiyo maana tochi ya lindo huvikwa kioo chekundu, na mabaharia husoma ramani zao usiku kwa taa nyekundu.

Siku hizi taa hiyo inasifiwa kwa jambo jingine: yasemekana kwamba inaponya. Huuzwa madukani na kwa njia ya simu, kwa bei isiyo ndogo. Wauzaji husema huondoa maumivu ya magoti na mgongo, hufunga vidonda, huotesha nywele, hupunguza unene na kuleta usingizi. Askari aliyerudi kutoka doria na goti lililovimba ni rahisi kuvutwa na maneno hayo. Basi yafaa tuyapime, na kipimo chetu kimoja kinatoka kwa jirani zetu wa Somalia.

Habari yenyewe si mpya. Mwaka 1893 daktari Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe aliyefanya kazi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, alishauri kwamba wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu. Hoja yake ilikuwa kwamba baadhi ya miali ya jua huidhuru ngozi yenye malengelenge, na kwamba miali hiyo ikizuiwa, usaha na makovu yatapungua. Finsen hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1903 alipewa Zawadi ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miali mikali ya mwanga. Lakini vyumba vyekundu vilikuwa jambo tofauti. Madaktari wengine walipovijaribu kwa makini hawakuiona faida iliyotazamiwa, navyo vikaachwa.

Ndui ilishindwa kwa silaha nyingine, nayo ni chanjo, ikisaidiwa na msako wa wagonjwa nyumba hadi nyumba na kambi hadi kambi. Msako huo ulimalizikia karibu nasi. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca, kusini mwa Mogadishu, gari lililochukua watoto wawili wagonjwa lilisimama kuuliza njia. Mpishi wa hospitali, kijana Ali Maow Maalin, alipanda garini kuwaongoza. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, lakini Maalin akaambukizwa. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na hata hivyo hakuwa na kinga. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, aliiepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na watu wengi aliokutana nao wakatafutwa na kuchanjwa. Huyo ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizo ya kawaida, na mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa.

Je, mwanga mwekundu basi ni uongo mtupu? Hasha. Mwaka 1967 huko Budapest, Hungaria, daktari Endre Mester aliwamulika panya kwa leza nyekundu hafifu, akaona manyoya yao yaliyonyolewa yanaota upesi zaidi. Baadaye aliutumia mwanga huo kwa vidonda sugu vya binadamu. Wataalamu wengi hueleza hivi: ndani ya chembe hai za mwili mna vinu vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyotengeneza nguvu. Mwanga mwekundu, wenye mawimbi ya nanomita 600 hadi 700 hivi, na ule usioonekana ulio jirani yake, hupenya kidogo ndani ya mwili na kuvichochea vinu hivyo.

Faida iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kuzuia vidonda vya kinywani kwa wagonjwa wa saratani wanaopata matibabu makali ya dawa au mionzi. Katika kupunguza maumivu ya baadhi ya viungo na kuotesha nywele zinazopungua, upo ushahidi wa kutia moyo, ingawa matokeo hayalingani. Wanamaji wa Marekani nao waliijaribu taa hiyo kwa majeraha ndani ya nyambizi, na ripoti ya mwaka 2001 ikaeleza kwamba yalipona upesi. Lakini waliojaribiwa walikuwa wachache. Ama kutibu malaria, kisukari, kifua kikuu au saratani yenyewe, hakuna ushahidi wa kutegemewa.

Ndugu askari, hatari kubwa haimo katika taa yenyewe, ijapokuwa leza ikitazamwa huharibu macho, na mwanga ukizidi kipimo faida yake hupotea. Hatari kubwa imo katika siku zinazopotea. Goti lililovimba huenda limekatika ugwe ndani. Kidonda kisichofunga huenda ni dalili ya kisukari. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa na kukonda huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Mtu akikaa mbele ya taa miezi mitatu huku akiuficha ugonjwa wake kwa mganga wa kikosi, adui anaendelea kujichimbia handaki.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Kwanza zahanati ya kikosi, ugonjwa upate kujulikana. Pili tiba iliyothibitika, pamoja na mapumziko yaliyoamriwa. Baada ya hapo, daktari akiona kwamba mwanga mwekundu utasaidia, na utumike kwa kipimo chake. Na chanjo inapotangazwa kambini, asiwepo wa kujificha nyuma ya ghala.

Maalin mwenyewe alilielewa somo hilo kuliko mtu yeyote. Katika miaka yake ya baadaye alizunguka nchini Somalia akiwasihi wazazi wawapeleke watoto kupata chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Mwezi wa Julai 2013 malaria ilimkamata akiwa katika kazi hiyo, akafariki dunia. Aliyekwepa sindano ujanani alikufa akiitumikia chanjo. Jirani wa namna hiyo anastahili kukumbukwa, na mfano wake kufuatwa.