Breki Zisizopona

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Somo la leo ni la gari. Wewe usiyejua kuendesha, usiondoke. Wengi wetu hupanda pikapu kwenda sokoni, na breki za pikapu hiyo hulinda roho ya abiria kama zinavyolinda roho ya dereva.

Nitaanza na kisa cha mjomba wangu. Alikuwa na pikapu kuukuu, akichukua kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo. Wenye kuijua barabara ile wanafahamu ilivyo: ni mteremko wa kilomita 30 na zaidi, kona baada ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule.

Breki za pikapu ile zilikuwa na ugonjwa. Mjomba akikanyaga mara moja, pedeli yashuka karibu na sakafu. Akikanyaga mara ya pili na ya tatu, haraka haraka, yapanda, na gari lasimama. Kila juma aliongeza mafuta ya breki kidogo. Fundi wa kwanza alibadili raba za magurudumu ya nyuma, akatoa upepo; breki zikapona kwa muda. Baada ya miezi michache fundi wa pili akabadili masta silinda, kwa fedha nyingi. Breki zikapona tena kwa siku chache. Kisha pedeli ikazama kama zamani. Mwishowe mjomba akazoea. Akawa anasema, "Gari hili ndivyo lilivyo. Ukilijua, halikusumbui."

Siku moja, kabla ya kufika Soni, alikanyaga mara tatu na gari halikusimama. Akaingiza gia ndogo, akalielekeza gari upande wa mlima, likajikwaruza kwenye ukingo hata likasimama. Kabichi zikatawanyika barabarani. Utingo wake, kijana aliyekaa juu ya mzigo, akavunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Lakini lingekuwa limeelekea upande wa bonde, nisingekuwa nikizungumza nanyi hivi leo.

Basi tujiulize: kwa nini breki zilizotengenezwa mara mbili hazikupona?

Kwanza tufahamu breki zinavyofanya kazi. Dereva akikanyaga pedeli, fimbo ya chuma husukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni husukuma mafuta, na mafuta hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye kila gurudumu. Katika pikapu kama ile, magurudumu ya mbele yana diski, nazo pedi huibana ile diski. Magurudumu ya nyuma yana dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka. Ndani ya dramu mna silinda ndogo, nayo husukuma viatu viwili vya breki nje, vikasugua dramu na kuizuia.

Siri yote iko katika mafuta. Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni bomba la sindano lisilo na sindano, jipya na safi. Lijazeni maji, zibeni mdomo wake kwa kidole, kisha sukumeni. Haliendi. Sasa toeni nusu ya maji, mwache hewa iingie, mzibe tena na kusukuma. Linakwenda, kisha linarudi kama mpira. Mafuta ya breki ni kama yale maji: hayakubali kubanwa. Hewa inabanwa. Upepo ukiingia katika breki, nguvu ya mguu wako huishia katika kuubana upepo, haifiki kwenye gurudumu.

Sasa sikilizeni dalili nne, mziandike.

Ya kwanza: pedeli yashuka sana, lakini ukikanyaga tena yapanda. Huenda viatu vya nyuma viko mbali na dramu, vyataka kurekebishwa. Huenda pia upepo umeingia.

Ya pili: pedeli ni laini, yabonyea kama sponji. Hapo upepo umo ndani.

Ya tatu: gari limesimama, umekanyaga pedeli na kuishikilia, nayo yazama polepole. Tafuta mahali panapovuja. Kama hakuna mahali popote panapovuja, raba za ndani ya masta silinda zimechoka, na mafuta yanapita kando yake.

Ya nne: gari lavutwa upande mmoja, au gurudumu moja lapata moto kuliko mengine. Yawezekana pistoni imekwama. Yawezekana pia bomba la mpira limevimba kwa ndani. Mafuta yaenda ukikanyaga, lakini hayarudi ukiachia.

Dalili si ugonjwa. Homa ni dalili. Malaria ni ugonjwa. Ukimpa mgonjwa dawa ya kushusha homa tu, homa itarudi. Hivyo ndivyo alivyofanya mjomba kwa kuongeza mafuta kila juma.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mtaratibu. Kabla ya kushika spana, aliuliza swali moja: "Bwana, mafuta unayoongeza yanakwenda wapi?" Mjomba hakuwa na jibu. Mafuta ya breki hayaunguzwi kama petroli. Yanashuka kidogo sana pedi zinapolika, lakini yakipungua kila juma, kuna mahali yanapotokea.

Mzee alilala chini ya gari na kutazama mabomba yote. Makavu. Chini ya masta silinda, pakavu. Ndipo alipoweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua gari kwa jeki, akalitegemeza juu ya magogo imara, akafungua dramu za nyuma. Ndani ya dramu ya kushoto alikuta viatu vimelowa mafuta. Silinda ndogo ilikuwa ikivuja nyuma ya kifuniko chake cha mpira, na mafuta yakinywewa na viatu, hata tone moja lisifike chini. Kwa hiyo hakuna aliyeliona.

Mjomba akasema, "Lakini raba hizo zilibadilishwa!" Mzee akapangusa silinda kwa kitambaa, akamulika kwa tochi, akamwita atazame. Ukuta wa ndani ulikuwa na vishimo vya kutu. Raba mpya juu ya ukuta wenye vishimo hukwaruzwa na kukatika. Ndiyo sababu breki zilipona kwa muda tu.

Na kutu ilitoka wapi? Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewa. Mjomba alikuwa akiongeza mapya juu ya yaliyochakaa, miaka na miaka, bila kuyatoa yote. Maji yaliyomo ndiyo yaliyokula silinda.

Maji hayo yalifanya na jambo la pili. Tazameni chupa ya mafuta ya breki, mtasoma herufi DOT na tarakimu, kama vile 3 au 4. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya digrii 205 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji, yaweza kuchemka kwenye digrii 140. Breki za nyuma za mjomba zilikuwa hazishiki, kwa hiyo za mbele zilibeba kazi yote katika mteremko ule mrefu. Zikapata moto mkali, mafuta yenye maji yakachemka, mvuke ukajaa mabombani. Mvuke nao hubanwa kama hewa. Ndiyo maana siku ile kukanyaga mara tatu hakukusaidia kitu.

Mzee alibadili silinda zote mbili za nyuma, na viatu vya pande zote mbili, maana kiatu kilicholowa mafuta hakifai tena hata kikioshwa. Alitoa mafuta yote ya zamani, akatia mapya, akatoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mwishowe alirekebisha viatu, akalijaribu gari mahali tambarare, polepole. Breki zikapona, na hazikurudia.

Nawaombeni mshike maonyo haya. Usitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa katika breki; raba zitavimba na kuharibika. Fuata tarakimu iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta. Magari mengi hutaka mafuta mapya kila baada ya miaka 2. Usiyahifadhi katika chupa ya soda, kwa maana ni sumu, na mtoto aweza kuyanywa. Usipulize vumbi la dramu. Viatu vya zamani vingi vina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Katika mteremko, shuka kwa gia ndogo, usiegemee breki njia nzima. Na gari ambalo pedeli yake inazama lisiende safari, hata kama soko linasubiri.

Neno langu la mwisho ni hili. Fundi wa kwanza na wa pili hawakuwa wajinga. Kila mmoja alitengeneza bila kujua mwenzake alifanya nini, kwa sababu hakuna aliyeandika. Laiti mjomba angekuwa na daftari ndani ya gari, akaandika tarehe, dalili, kiasi cha mafuta alichoongeza, na kifaa kilichobadilishwa, katika mwezi mmoja yeyote angeona kwamba mafuta yanapotea. Sasa anaandika. Aliianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 61, kwa herufi kubwa kubwa. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, msidhani kalamu ni ya karani tu. Kalamu ni chombo cha kazi, kama spana.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini upepo katika mabomba hufanya pedeli kuwa laini?
2. Kwa nini mafuta ya gari la mjomba hayakuonekana chini?
3. Silinda iliota kutu kwa sababu gani?
4. Andika katika daftari mistari minne: tarehe, dalili, mafuta yaliyoongezwa, kifaa kilichobadilishwa. Kisha ujaze kama kwamba gari ni lako.

Maneno ya kusoma kwa sauti: pedeli, pistoni, silinda, dramu, mvuke, kutu, dalili.