Mahali pa Kosa Pia Ni Shahidi
(Maongezi yaliyopitishwa kwa redio, katika kipindi cha amani)

Juma lililopita tuliongea juu ya kazi ya tribinali. Leo nataka turudi nyuma, tufike pale penyewe ambapo kosa limetendeka, kabla polisi hajafika. Kesi nyingi za kwetu zinafia pale.

Nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipomaliza masomo ya sheria nilifuatana na OPJ mmoja, ndiye afisa wa polisi wa mahakama, hadi kijiji cha milimani ambako baba mmoja aliuawa usiku. Tulifika siku ya nne, kwa miguu. Tulikuta nyumba imefagiwa, ukuta umepakwa udongo mpya, nguo za marehemu zimefuliwa na kuanikwa. Wamama walifanya hivyo kwa heshima, msiba una desturi zake, na mimi siwalaumu. Maganda ya risasi yalikuwa mikononi mwa watoto, wakiyapuliza kama filimbi. Panga lililookotwa mlangoni, mtu alikwisha kwenda nalo shambani. OPJ akafungua daftari, akauliza: ni nani aliyefanya? Wote wakajibu kwa sauti moja: ni wale wa ng'ambo ya mto. Nani kati yao? Kimya. Siku chache baadaye nyumba za ng'ambo ya mto zilichomwa moto. Muuaji hakujulikana.

Umeelewa, ndugu yangu? Ushahidi ukipotea, watu hawaachi kumtafuta mwenye kosa. Wanamtafuta kwa kabila lake, kwa upande wa mto anaokaa, kwa lugha ya mama yake. Ndiyo sababu nasema kulinda mahali pa kosa ni kazi ya amani, hata kama inaonekana ni kazi ya polisi tu.

Mfaransa mmoja, Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba mtu hawezi kugusa mahali bila kuacha kitu chake, na bila kuondoka na kitu cha pale. Wawindaji wetu walilijua hilo tangu zamani: wanasoma unyayo, jani lililovunjika, unyoya uliobaki. Basi mahali pa kosa pasomwe hivyo hivyo, na anayesoma asikute watu mia moja wamekwisha kupakanyaga.

Wewe ndiwe utakayefika wa kwanza. Kama kuna mtu anayepumua, muokoe kwanza, hata ukiharibu kila alama. Uhai unapita ushahidi. Ukimsogeza, kumbuka tu alikuwa amelala wapi na namna gani. Kisha ondoa watu. Funga mahali kwa kamba au kwa matawi, na uache njia moja tu ya kuingilia. Mtu mzima mmoja asimame pale, ajue kila aliyeingia. Mvua ikitisha, funika unyayo kwa beseni. Usiokote risasi wala maganda yake. Na kitu cha chuma usichokijua, usikiguse kabisa, kaa mbali nacho: kinaweza kulipuka.

Wengi siku hizi mna simu zinazopiga picha. Piga kwanza kutoka mbali, ili nyumba au mti uonekane, halafu sogea karibu, na uweke kibiriti pembeni ya alama ili ukubwa wake ujulikane. Lakini picha hiyo usiitume kwa WhatsApp! Nimeona picha ya maiti ya kijiji kimoja ikizungushwa na kusemwa ni ya kijiji kingine, na vijana wakashika mapanga kwa ajili yake. Iweke, umpe anayechunguza.

Kisha chukua biki na daftari. Hapa nawaomba mtulie, kwa kuwa ndipo tunapokosea zaidi. Andika kwa upande mmoja yale uliyoyaona wewe mwenyewe, na kwa upande mwingine yale uliyoyasikia, pamoja na jina la aliyekuambia. "Niliona watu watatu wenye makoti ya kijani, mmoja anachechemea, walipita njia ya shule, jogoo lilikuwa bado halijawika." Hayo ni maneno ya shahidi. "Ni wao, tunawajua." Hayo si kitu mbele ya jaji. Na daftari hilo lisisomwe mbele ya watu. Majina ya mashahidi yakitembea kambini yanaweza kuua.

Kwa mama au msichana aliyebakwa, utaratibu ni mwingine. Aende kituo cha afya upesi, kabla saa 72 hazijapita, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inafanya kazi ndani ya muda huo. Kama anaweza kuvumilia, asioge kabla ya kupimwa. Akiwa ameoga, aende vilevile, wala mtu asimgombeze. Nguo zake zisifuliwe. Zikauke kivulini, kila moja ifungwe peke yake ndani ya karatasi, si ndani ya mfuko wa plastiki, maana plastiki inashika unyevu na nguo inaoza. Wazee machifu, hapa nasema nanyi kwa heshima: mbuzi wawili hawafuti kosa hili. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinakataa kesi ya ubakaji iishe kwa kulipa faini, na zinataka daktari amwone aliyetendewa.

Mtasema: yote haya yanasaidia nini, na wakubwa hawafungwi? Tazameni mambo mawili yaliyotokea kwetu. Mwezi wa Novemba 2012 askari waliokuwa wakikimbia kutoka Goma walifika Minova, wakabaka, wakapora. Tribinali ya kijeshi ilishitaki watu 39. Wamama walisimama mbele yake nyuso zikiwa zimefunikwa, wakasema yote. Mwezi wa Mei 2014 hukumu ikatoka: wawili tu ndio waliopatikana na kosa la kubaka. Wamama hawakusema uongo. Bali uchunguzi haukuonyesha vizuri ni askari yupi, wa kikosi gani, chini ya amri ya nani, aliyeingia nyumba ile.

Sasa tazameni Kavumu, kaskazini ya Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike, wengine wadogo mno, walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao. Waganga wa hospitali ya Panzi waliandika majeraha ya mtoto kwa mtoto, hata ikaonekana kwamba mikono ni ile ile. Maneno ya watoto yalihifadhiwa kwa video, ili wasisimame mbele ya waliowatesa. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokaa Kavumu kwenyewe, iliwahukumu watu 11, na kati yao alikuwamo mbunge wa jimbo. Alihukumiwa yeye na watu wake, kwa majina yao. Kabila lao halikuhukumiwa.

Neno moja juu ya mnayemshika. Sheria yetu ya mwaka 1959 inamruhusu mwananchi kumkamata mtu aliyekutwa katika kosa kubwa, lakini ampeleke mara moja kwa mkubwa aliye karibu. Haimruhusu kumpiga, wala kumvika tairi. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mahakama au kumwachilia. Aliyepigwa hukiri chochote, na aliyeua kweli yuko barabarani anawacheka.

Mzee mmoja wa kambi aliniuliza: "Mwanangu, sisi tulikimbia risasi zikilia. Maiti tungezilinda vipi?" Hamkuweza, baba. Lakini kama mlipata saa moja ya kuzika kabla ya kukimbia, kila mtu azikwe peke yake, si wote katika shimo moja, na asivuliwe nguo zake. Wekeni mawe kwa hesabu mtakayoikumbuka. Kama hamkuzika, kaeni leo, kila familia kando, mwandike: alivaa nini, jino gani halikuwepo, mguu upi uliwahi kuvunjika, mlimwacha upande gani wa mwembe. Mifupa inasomeka hata baada ya miaka mingi. Karatasi hiyo ifungwe vizuri isilowe, ikae kwa mtu mnayemwamini, na mtu wa pili ajue iko wapi.