Desturi za Kampuni Iliyofanikiwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mchinga)



Nimetakiwa kunena juu ya desturi zilizoyafanikisha makampuni ya simu na kompyuta. Sitakwenda Marekani kutafuta mfano, Kenya yatosha.

Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza kuijaribu M-Pesa. Mawakala walikuwa 8, na wateja hawakutimia 500, wakopaji wa shirika la Faulu. Shabaha ilikuwa moja: mkopaji alipe deni lake kwa simu. Lakini watu wale walifanya yasiyotazamiwa. Huyu alimpelekea fedha jamaa yake shamba. Yule aliziweka kwa wakala kabla ya safari, akazitoa afikapo, asije akaibiwa njiani.

Maofisa wangaliweza kuwakemea kwamba wanaharibu mpango. Hawakufanya hivyo. Bibi Susie Lonie, aliyesimamia jaribio lile, na wenzake waliwatazama, wakawauliza, kisha wakaigeuza shabaha yenyewe. Machi 2007 huduma ilipofunguliwa Kenya nzima, ilitangazwa kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikafika kwetu kwa mkono wa Vodacom.

Desturi nyingine ni ya hesabu: kila shilingi ionekanayo katika simu sharti iwe na shilingi yake benki, katika akaunti ya amana. Makarani wa ghala wanalijua jambo hili vema kuliko mimi, maana kilo za kwenye stakabadhi sharti ziwemo ghalani.

Mwaka 2024 minada ya korosho iliingia katika mtandao wa TMX. Mashine ni njema, nami siipingi. Lakini mashine haitamwuliza mwanachama kwa nini ameuza korosho zake kwa kangomba usiku. Kwa kawaida mtu huyo hukemewa mkutanoni, naye huinamisha kichwa. Je, yuko aliyemwuliza sababu? Huenda ada ya shule ilitakiwa Jumatatu, na malipo ya mnada yalikuwa bado. Anayemkimbia mnunuzi wetu anatuambia jambo juu ya chama chetu, kama wakopaji wale wa Kenya.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri, msimu ujao makarani wawaulize wanachama wa namna hiyo, wayaandike majibu bila majina, nayo yasomwe katika mkutano mkuu kabla ya taarifa ya mapato.