Kumjua Mbung'o



Sisi makarani tumezoea kuandika "nzi" na kufunga jalada. Lakini si nzi wote walio sawa. Mbung'o, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, ana alama mbili: atuapo, mbawa zake hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na mrija wa kinywa chake huelekea mbele. Dume na jike wote hunyonya damu. Nzi wa nyumbani mbawa zake huachana, wala haumi.

Mwaka jana wanakijiji walituletea habari. Tukaandika "nzi wanasumbua". Bwana Mifugo hakwenda, na ng'ombe wakafa. Kosa lilikuwa la kalamu yetu. Basi tuulize kwanza, ndipo tuandike.