MAZUNGUMZO: UHAMISHO WA MUUGUZI KUINGIA CHUMBA KIKUU CHA UPASUAJI



Barua ya uhamisho huwa na mistari michache, lakini jukumu inalokabidhi laweza kuwa jipya kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa muuguzi anayetolewa kwenye upasuaji mdogo wa wagonjwa wa nje na kupelekwa chumba kikuu cha upasuaji. Mfano wa kuzingatiwa ni Nyanda za Juu Kusini, Tanzania Bara. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya huhudumia mikoa kadhaa, ukiwemo Iringa. Na barabara kuu iendayo Zambia, ipitayo mteremko wa Kitonga na mji wa Makambako, huleta majeruhi saa yoyote.

Kwa wagonjwa wa nje, muuguzi husafisha jeraha, hutayarisha sindano ya ganzi na husaidia kutumbua jipu. Mgonjwa yu macho. Akiumia husema, na jioni hurudi kwake. Katika chumba kikuu, mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hawezi kusema kuwa anaona baridi, wala kwamba mguu unaoandaliwa si ule unaouma. Muuguzi ndiye ulimi wake.

Kazi inayopima uwajibikaji wake ni kuhesabu. Vitambaa, sindano na vyombo huhesabiwa kabla ya upasuaji, kabla ya tumbo kufungwa, na tena ngozi inapofungwa. Kikikosekana kitambaa kimoja, muuguzi hana budi kutamka hivyo, hata mbele ya daktari bingwa na hata saa zikiwa zimekwenda. Kitambaa kilichosahauliwa tumboni huweza kumuua mgonjwa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa iliyoelekea Iringa. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7.

Kwa hiyo viongozi wa hospitali na maafisa utumishi, Bara na Visiwani, wanapaswa kuhakikisha kuwa muuguzi mgeni anafanya kazi kwanza chini ya mzoefu, hapangwi peke yake zamu ya usiku, na hakaripiwi anapouliza au kusimamisha kazi ili ahesabu upya.

Wananchi nao, wakiulizwa jina na mahali pa kupasuliwa zaidi ya mara moja, wasione wanasumbuliwa. Huo ndio ulinzi wao.