Jipime Kabla Ngamia Hajauzwa
(Mazungumzo na vijana na wazazi wa Hadado)

 

Leo tuzungumze jambo moja tu: kijana atajipima vipi kabla ya kuchagua masomo na kazi? Hapa kwetu karo haitoki benki. Karo ni ngamia, ni mbuzi. Na ukame tunaukumbuka sote: kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa. Aliyebakiwa na ngamia wachache hawezi kuuza mmoja kwa kozi ambayo mtoto ataiacha katikati. Ngamia akishauzwa, harudi.

Na kwa kawaida tunachaguaje? Binamu anasomea uuguzi, basi na mimi uuguzi. Au mzee anataka daktari katika ukoo. Kumsikiliza mzee ni vizuri. Lakini mchungaji hawapeleki wanyama wote malisho mamoja. Ngamia hula majani ya miti, ng'ombe hutaka nyasi. Anamjua mnyama kwanza, ndipo achague njia. Basi na wewe jijue kwanza.

Chukua daftari, ugawe ukurasa sehemu nne.

1. Ninaweza nini? Usiandike "mimi ni hodari". Andika kitendo kilichoonekana na watu. Je, wewe ndiye unayetengeneza pampu ikiharibika? Ndiye unayeweka hesabu ya duka? Mbuzi akiugua, majirani wanakuita? Halafu waulize watu wawili wanaokujua, na mmoja wao awe mtu asiyeogopa kukuambia ukweli.

Msidharau kipaji kwa kuwa hakina cheti. Wajir ilipokuwa katika vita vya koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na akina mama wenzake walianza na walichokuwa nacho: kujuana na wanawake wa sokoni, na kujua kuzungumza na kila upande. Kazi hiyo ya amani ilimfikisha mbali, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki 2011, lakini mfano wake tunao.

2. Alama zangu zinasema nini? Tazama somo moja moja, si wastani peke yake. Lakini hapa tuwe waangalifu. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Garissa, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa Kaskazini Mashariki. Madarasa yakabaki bila mwalimu. Kwa hivyo jiulize: nilipata D ya fizikia kwa sababu sielewi, au kwa sababu sikufundishwa? Hayo ni mambo mawili. Aliyefundishwa vizuri akashindwa, atafute njia nyingine. Ambaye hakufundishwa asijihukumu bado.

3. Mlango gani uko wazi? Digrii huanzia C+. Diploma kwa kawaida C-, cheti D, na kozi za ufundi za ngazi ya chini humpokea hata mwenye E. Diploma ya uuguzi KMTC hutaka wastani wa C, pamoja na C ya baiolojia na ya Kiingereza au Kiswahili. Si lazima kwenda Nairobi: Garissa kuna chuo kikuu, chuo cha taifa cha ufundi na KMTC, na Wajir mjini kuna KMTC. Masharti hubadilika, ulizia chuoni kabla ya kulipa shilingi yoyote. Na ukianza na cheti hujakwama, unaweza kupanda hadi diploma.

4. Tutabeba nini? Hesabu karo, chumba, chakula na nauli mpaka mwaka wa mwisho, si muhula wa kwanza tu. Nani atachunga wakati haupo? Wazazi, hesabu hii ifanyeni nyumbani pamoja na mtoto. Na msichana apimwe kwa kipimo kile kile cha kaka yake.

Sasa soma sehemu zote nne pamoja. Kazi inayokubaliwa na zote, hiyo ndiyo ya kwanza. Andika na ya pili, maana ya kwanza inaweza kukataa. Kabla ya kulipa, omba ukae wiki mbili na mtu anayeifanya kazi hiyo. Ukiona bado waipenda hata siku ya kuchosha, endelea. Na kila mwaka fungua daftari tena, kwa sababu mtu hubadilika.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Ni kazi gani watu hukuita uwafanyie bila wewe kujitangaza?
– Ni somo gani hukupata mwalimu wake?
– Wazazi, mnamchagulia mtoto kazi anayoiweza yeye, au mliyoikosa ninyi?