Simu Ziliponyamaza

Aprili 2020, wagonjwa wa Korona walipofurika katika hospitali za New York, simu za Wamarekani zilipata utulivu usiotarajiwa. Kampuni ya YouMail, inayofuatilia simu zinazopigwa na mitambo, ilikuwa imekadiria simu bilioni 5.7 mwezi Oktoba 2019. Aprili hiyo zilishuka chini ya bilioni 3.

Sheria mpya ya kuzidhibiti ilisainiwa Desemba 30, 2019, lakini ukimya ule wa ghafla ulitoka kwingine. Mtambo hupiga, ukibonyeza namba unaunganishwa na binadamu: mara nyingi kijana wa India au Ufilipino, aliyeketi bega kwa bega na wenzake ukumbini. India ilifunga shughuli zake Machi 25. Kumbi zikabaki tupu, na vijana wengi waliofanya kazi halali humo wakarudi nyumbani.

Masanduku ya barua nayo yakawa mepesi. Duka lililofungwa lina punguzo gani la kutangaza? Kati ya Aprili na Juni, barua za matangazo zilizobebwa na Posta ya Marekani zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo furaha yangu inaingia doa. Vikaratasi hivyo vinavyotupwa bila kusomwa ndivyo vinavyochangia ujira wa tarishi anayempelekea mzee wa shamba dawa zake.

Matapeli hawakulala. Waliosalia waliwapigia watu waliojaa hofu, wakiwauzia vipimo bandia vya Korona. Kufikia vuli, simu zilikuwa zikiongezeka tena.